Kikuku Kwenye Pembe ya Karani

Siku ya maonyesho, Mbozi yote hupandwa na wazimu mzuri. Hata asiye na gunzi moja la mahindi la kupeleka, utamkuta tangu alfajiri anapiga shati pasi ya mkaa na kumgombeza mkewe kwamba watachelewa. Wachelewe nini, mwenyewe hajui. Malori yalikuwa yakitoka Tunduma na mengine yakitoka Mbeya, watu wamekaa juu ya magunia wakiimba, na vumbi limewapaka wote rangi moja. Juu ya gunia la maharage, kwenye lori la pili, alikaa Nesta, fundi wa vikuku vya waya, mke wa Kasiani, amekumbatia kopo la biskuti asitake hata lilie. Pembeni yake alikuwa binti yake, Jenista, akitazama miti inavyopita na kutabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Nesta akamwuliza.

"Sicheki, mama."

"Basi meno hayo yameota sasa hivi?"

Jenista akaufunga mdomo, na baada ya kilima kimoja ukafunguka tena wenyewe. Nesta akamwacha. Alijua vizuri binti anafikiri nini, ila hakujua anafikiri vipi, na hilo ndilo lililomchoma.

Maana ndani ya kopo lile mlikuwa na vikuku vya kuuza, na mlikuwa na kimoja kisichouzwa. Kile kilikuwa nsalamu, kikuku cha posa. Mzee Jairo, mshenga wa watu wa Igamba, alikileta nyumbani kwao kimefungwa uzi mwekundu, akakiweka juu ya kinu, akasema kijana wao Nikodemo amemwona Jenista kwenye mkutano wa kanisa na moyo wake haujatulia tangu hapo. Kasiani akajibu kwamba neno ni la mtoto. Wakakubaliana jibu lipatikane kwenye maonyesho, ng'ombe wakishapimwa: mshenga atapita na kuutazama mkono wa kushoto wa binti. Akimkuta amekivaa, ndiyo. Akirudishiwa mkononi, hapana, na hakuna atakayemnunia mwenzake. Kisichosameheka ni kukiuza tu. Kuuza nsalamu ya watu ni kuwaambia kwamba wao na ukoo wao mmewatia bei, na bei yenyewe ndogo.

Mnajua kilichochekesha? Kikuku chenyewe kilikuwa kazi ya Nesta. Watu wa Igamba walitaka kilicho bora, wakauliza kilicho bora kinatoka wapi, wakaambiwa Tunduma. Shangazi wa kijana akakinunua sokoni kwa mama wa binti bila kujua anamnunulia nani. Nesta alipokiona juu ya kinu alijiuma ulimi asicheke. Kisha, kwa kuwa mila humpa mama wa binti kukitunza mpaka siku ya jibu, akakifunga kwenye kitambaa na kukizika chini ya vikuku vingine ndani ya kopo. Mwizi gani, aliwaza, atakayejua ni kipi?

Jenista hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Na Nesta, ambaye kwa mdomo alisema "chagua mwenyewe, mwanangu", moyoni alikuwa akiomba kidogo, kidogo tu, kwamba binti akatae. Kasiani alikuwa mume mwema wa kulinda nyumba na mbuzi, lakini waya ulimshinda. Ni vidole vya Jenista vilivyojua kuuzungusha waya wa shaba juu ya singa za mkia wa ng'ombe mpaka usione pengo. Nani angekaa naye jioni wakisokota na kusengenya? Aliona aibu kuombea hivyo, akaendelea kuombea.

* * *

Mlangoni mwa uwanja askari aliwazuia.

"Mama, haya ni maonyesho ya kilimo. Vikuku vinalimwa wapi?"

"Vinalimwa hapa," Nesta akajibu, akimnyooshea mikono. "Njoo siku moja unisaidie palizi."

Watu walicheka, lakini askari hakucheka. Aliwaelekeza nje ya kamba, kwenye kinjia cha kwenda vyooni, wanakokaa wote wasiokuwa na mazao. Jenista alitaka kulia kwa aibu. Nesta alitazama kinjia mara moja tu, akatandika mkeka.

"Nyamaza. Huko ndani mtu atapita kwa mchele asipite kwa kahawa. Hapa kila mtu atapita. Hata Bwana Shauri ana saa yake."

Jirani yao kwenye kinjia alikuwa Yunisi, mjane kutoka milima ya Ileje, muuza vikapu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika bonde la pili. Walikuwa wakikutana kila mwaka mahali hapo hapo. "Umekuja na mkwe?" ndiyo ilikuwa salamu yake, kwa maana habari ya nsalamu ilikuwa imemfikia zamani.

"Muulize huyu," Nesta akasema. "Mimi sijui kitu."

Sasa hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mimi ningekuwapo ningempigia kelele. Nesta alikuwa na desturi ya kuvifunga vikuku mafungu mafungu kwa uzi, vidogo peke yake na vikubwa peke yake, na akifika mnadani huzikata nyuzi zote kwa kisu, halafu akavisugua kwa majivu na ndimu mpaka viwake. Njia ilikuwa mbaya. Lori lilirusha kopo, kopo likarusha vikuku, kitambaa kikafunguka, uzi mwekundu ukaingia vumbi ukawa rangi ya nyuzi nyingine. Na wateja wa kwanza walikuwa wamekwisha simama juu ya kichwa chake.

"Shani, mayo?" akamsalimu mmoja, mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mwenye suruali ya migodi ya Kopabeti. "Vya leo havijatoka?"

"Vinatoka, baba, vinatoka!"

Kisu kikapita, nyuzi zikaanguka. Akasugua harakaharaka. Kimoja kilimshangaza: pale waya unapoishia palikuwa pamebonyea, alama ya jino kabisa. "Panya wa siku hizi wanakula shaba," alinung'unika, akakining'iniza kwenye kijiti pamoja na wenzake.

Na vikauzwa! Jamani, siku ile vikuku viliuzwa. Wasichana wa Nanyala walikuja kwa kundi wakajipimia wakipiga mayowe. Mchimba dhahabu wa Saza alinunua cha mkewe, akafikiri kidogo, akanunua cha pili, na Yunisi akamwuliza huyo wa pili anaitwa nani. Mama mmoja wa Kizungu alishika kikuku kwa ncha za vidole, akauliza kama kina wadudu, akataka apunguziwe mpaka chini ya bei ya waya. Nesta alikipokea kutoka mkononi mwake taratibu na kukirudisha kwenye kijiti. Yule mama alirudi baadaye akalipa sumuni kamili, amenuna. Kila sarafu Nesta aliifungia kwenye pindo la kanga na kulipigapiga pindo lile kwa kiganja.

"Mama, naenda kunawa kwa mke wa mwalimu," Jenista akasema jua lilipopanda.

"Kunawa! Na soko limepamba moto?"

"Nina vumbi, mama." Alikwisha kwenda.

Muda si mrefu akaja kijana mrefu, koti la kaki, majani makavu begani, ananuka ng'ombe na anapiga mluzi. Alikuwa na furaha inayomwagika. Alimsalimu Nesta, akamsalimu Yunisi, nusura avisalimu vikapu. Jino lake la mbele lilikuwa limekatika kipande. Akachukua kikuku kimoja, akarudisha, akachukua kingine. Mluzi ukakatika. Akakisogeza machoni, akakigeuza, akapitisha kidole pale kwenye alama.

"Mama," akasema polepole, "hiki kimetoka wapi?"

"Kimetoka mikononi mwangu, mwanangu. Mimi ndiye mama Jenista wa Tunduma. Ulizia popote, hapa mpaka Isoka, utaambiwa."

Kijana aliruka nyuma. Kofia aliivuta ikamfunika uso, akageuka ubavu, na kwa sauti ya mtu anayeongea na ardhi akauliza, "Bei gani?"

"Shilingi," Nesta akasema, ili wavutane wafike sumuni.

Hakuvuta. Aliweka shilingi kwenye mkeka, mbali na mkono wa Nesta, akaondoka na kikuku chake. Nesta hakuamini macho yake. Shilingi nzima! Raha ikampanda kichwani, akamfuata kwa maneno.

"We kijana! Mbona unanipa kisogo, nina upele usoni? Au umeniona mzuri mno? Nina mume mimi!"

Kinjia chote kikaangua kicheko. Yunisi alishika mbavu.

"Mwenye haya hivi mke atampata wapi?" Nesta aliendelea, sasa kwa ajili ya wasikilizaji. "Siku ya kuposa si atajificha chini ya kitanda!"

Kijana akajikwaa kwenye kamba ya uwanja, akainuka, hakugeuka nyuma.

* * *

Jenista aliporudi, Nesta alikuwa bado anamwonyesha kila mpitaji shilingi yake. Kisha akamtazama binti, akasahau shilingi. Jenista alivaa gauni lake jeupe. Mkono wa kushoto aliukunjia kitambaa mpaka juu, akaupaka mafuta mpaka kiwiko, ukang'aa. Alisimama mbele ya mkeka akiutazama mguu wake.

"Mama, nipe."

"Nikupe nini?"

"Mama jamani. Kile."

Nesta alishika kifua. Sala zake zote ndogo za kuomba binti akatae zilitoka mbio, hata hakuziona zilipopitia. Uso ule! Hajawahi kuuona uso ule kwa mtoto wake, hata siku aliponunuliwa viatu.

"Ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo ndiyo?"

"Mama!"

Nesta alipiga kigelegele kifupi akakikata kwa kiganja, maana mshenga alikuwa bado. Akaliinamia kopo huku akicheka. Akaingiza mkono chini. Akautoa. Akaligeuza kopo, akalipiga matako. Kikaanguka kitambaa kitupu.

"Uzi mwekundu," akasema. Alipapasa mkeka mpaka akaupata, kipande cha uzi, akaupangusa vumbi kwa mate. Ulikuwa mwekundu kweli.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekiuza."

Jenista alikaa chini bila kuchagua mahali. Yunisi aliacha kucheka, na hilo lilikuwa jambo la kutisha peke yake.

"Nani amenunua?" Jenista aliuliza.

"Nitajuaje? Vyote ni watoto wangu, wanafanana! Wasichana wa Nanyala, yule wa Saza..." Hapo akamkumbuka panya. "Kilikuwa na alama ya jino?"

"Ndiyo. Waya ulikuwa umefumuka mwishoni, akaubana kwa jino ili ushike. Aliniambia mwenyewe."

"Jino lake," Nesta akasema taratibu, "limekatika kipande? Koti la kaki?"

"Umemwona wapi Nikodemo?"

Nesta alijifunika kanga uso mzima. Kutoka ndani ya kanga ikaja sauti: "Nimemwuzia mwenyewe. Nimemwambia mimi ni mama Jenista. Mungu wangu, nimemtania mkwe wangu mbele ya watu wa choo!"

Msimcheke sana. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, mpaka siku watakayopikiana chakula cha kuondoa haya. Hata kabla ya jibu kutoka, mwiko umekwisha anza. Likitokea neno la lazima, mtu huliambia jiko au mti, mwenzake akasikia kwa bahati. Mama yake Nesta mwenyewe alizeeka akikisemesha kinu kila Kasiani alipokuja kutembea. Sasa yeye Nesta amemsemesha mkwe, amemtazama jino, amemcheka, na juu ya yote amemwuzia nsalamu yake kwa faida.

"Anafikiri nimemkataa," Jenista akasema, machozi yanamtiririka hayafuti. "Anafikiri nimempa mama akakiuze njiani, karibu na choo."

* * *

Yunisi alijitolea kwenda. Aliivuka kamba askari akiwa amegeuka, akapotea upande wa ng'ombe, akarudi anahema.

"Nimempata. Amemshika dume la baba yake, lile jeusi lenye shingo nyeupe, wanaliita Karani kwa sababu ya kola. Macho yake mekundu, anasema ni vumbi."

"Umemweleza?"

"Nimemweleza vizuri. Amesema, 'Mama, mimi sina ugomvi na mtu. Aliyekiuza anajua kwa nini amekiuza. Maneno ya watu wa katikati leo yamenichosha.' Amesema ng'ombe wakishapimwa atawaambia wazee warudi nyumbani kimyakimya, pasitajwe kitu."

"Kwani wazee hawajajua?"

"Hajui mtu. Amekificha mfukoni wasikione." Yunisi akashusha sauti. "Nesta, kijana yule alilipa shilingi ili usiaibike. Mwingine angekiinua juu, akaita watu."

Jenista aliinuka. "Naenda mwenyewe."

"Kaa chini. Msichana akimkimbilia mwanamume kabla mshenga hajauona mkono wake, watamwimba mpaka Ileje." Nesta alikuwa amekwisha simama, anakaza kanga kiunoni. Ndani yake palikuwa na hofu, lakini palikuwa na kitu kingine pia kilichomchemka, aina ya furaha ya mtu anayekwenda kupigana. "Aliyeuza ni mimi. Anataka neno la aliyeuza."

"Huwezi kumsemesha yule!" Yunisi akasema.

"Nani kasema nitamsemesha yeye?"

Mlangoni alikuwa askari yule yule. "Mama, huku ni ng'ombe tu."

"Basi leo niite ng'ombe," Nesta akamwambia, na akapita chini ya mkono wake.

Uwanja wa ng'ombe ulikuwa umejaa pande zote. Madume yalisimama kwenye mstari, kila moja na mtu wake, na Bwana Kilimo, Mzungu mwembamba mwenye soksi ndefu, alikuwa akipita na utepe wa mshindi mkononi akiyabonyeza mbavu. Nesta akaingia katikati ya miti ya ua. Nikodemo alimwona, na mara ile ile akageuka akautazama mkia wa dume. Vizuri. Nesta akajitanda kanga kichwani, akaenda mbele, akasimama uso kwa uso na Karani. Dume lilikuwa na pembe ndefu, na pumzi yake ilimfika Nesta tumboni.

"Karani," akasema kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni tu, "habari za tangu asubuhi? Mimi nina neno na wewe."

Watu wa karibu wakanyamaza. Wa mbali wakasogea.

"Karani, mimi ni mwanamke mjinga. Nimepewa kitu cha watu nikitunze, nikakitia pamoja na vya kuuza kwa ujanja wangu, ati mwizi asikijue. Asubuhi nikakata uzi mwekundu nikidhani ni uzi wangu. Alama ya jino nikaiona kwa macho haya, nikasema ni panya. Panya, Karani! Unawaona wenye akili wa Tunduma?"

Kicheko kikapita uani. Upande wa mkia palikuwa kimya.

"Halafu akaja mtu na adabu zake, akanificha uso kama inavyompasa, mimi nikamtukana. Nikasema hatapata mke. Maneno hayo nayala hapa mbele yako. Usiniangalie hivyo."

Bwana Kilimo alikuwa amefika. Alitazama dume, akamtazama Nesta. "Mama, wewe nasema na ng'ombe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Yeye nasikia?"

"Anasikia sana, Bwana. Kujibu ndiyo kazi."

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Bwana Kilimo naye akatabasamu bila kuelewa kitu, akalibonyeza dume mbavu, akasimama pale pale asiondoke. Ndipo kutoka upande wa mkia ikaja sauti, nzito, inayojizuia.

"Karani, muulize mama huyo: aliyetunziwa kile kitu, alimtuma akiuze?"

"Karani!" Nesta akaruka. "Mwambie mwenye kamba, mtoto hakujua! Mtoto ameacha soko likiwaka moto akaenda kuoga! Ameukunja mkono, ameupaka mafuta mpaka kiwiko, amenijia anadai cha kwake, 'Mama, nipe.' Nimemzaa, nimemlea, sijawahi kuombwa kitu vile. Na mimi nikampa kitambaa kitupu. Karani, kama ni hasira anikasirikie mimi, mzee huyu wa vyooni. Mtoto wangu anamtaka."

Lilitoka hivyo, kubwa, mbele ya Mbozi nzima, na Nesta akajikuta analia. Alichukua shilingi kwenye pindo la kanga, akaiweka juu ya mti wa ua karibu na kichwa cha dume.

"Na hii irudi ilikotoka."

Karani alipiga mkia. Nikodemo akaja mbele akitembea kinyumenyume, kisogo kwa Nesta, mkono mmoja nyuma unapapasa, mpaka ukaikuta pembe ya dume. Akatoa kikuku mfukoni, akakivisha kwenye ncha ya pembe, kikateleza kikakaa.

"Karani," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na kicheko ndani na kitu kama kilio, "mwambie mama shilingi ni yake. Ila kikuku hiki mimi nimekinunua mara mbili. Aniapie hataniuzia mara ya tatu."

Nesta alicheka kwa nguvu hata akasahau, akainua macho, na Nikodemo naye alikuwa amegeuka. Wakaonana uso kwa uso. Wote wawili wakapiga ukelele mmoja, mmoja akajificha kwenye kofia, mwingine kwenye kanga, na watu wakaanguka juu ya miti ya ua kwa kucheka.

Ni katikati ya kelele hizo Jenista alipopita chini ya ua. Gauni jeupe lilinasa, akalivuta. Hakumtazama Nikodemo, hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa dume, dume likatikisa kichwa, watu wakasema "Aa!", naye akangoja kitulie, akaunyosha mkono ule wa mafuta, akakichomoa kikuku kutoka kwenye pembe na kukivaa. Kisha akauinua mkono juu mahali ambapo kila mtu angeuona.

Kigelegele cha Yunisi kilitoka kinjiani mwa vyooni kikafika kabla yake. Wasichana wa Nanyala wakakipokea. Bwana Kilimo, akiona watu wote wanashangilia, alifikiri wanalishangilia dume, akalifunga utepe palepale.

Mzee Jairo akapenya kwenye watu akiwa na koti lake la mikutano, jasho linamtoka. Alitazama mkono wa Jenista, akamtazama Nikodemo, akatazama shilingi juu ya mti, akaichukua akaitia mfukoni kwa kuwa mshenga hupata chake.

"Ameshavaa?" akauliza kwa uchungu. "Na maneno yangu? Nimeyapanga tangu mwezi uliopita. Sasa nimwambie nani?"

"Mwambie Karani!" watu wakamjibu kwa sauti moja.

* * *

Vikuku vilivyosalia viliisha kabla jua halijashuka. Kila msichana alitaka kama kile cha kwenye pembe, na wengine waliomba Nesta akiume kwanza kwa jino.

Kwenye lori la kurudi walikaa tena juu ya magunia. Nesta alikuwa amekifunga kikuku upya kwa uzi ule ule mwekundu, mafundo juu ya mafundo, mkononi mwa binti, na bado hakuuachia mkono. Alijifanya anakagua waya. Barabara ilitupa lori huku na huku, naye alishikilia.

"Mama," Jenista akasema, karibu kabisa na sikio lake. "Nikikuuliza kitu, utanijibu kweli?"

"Uliza."

"Najua hukutaka niondoke. Kikuku kile, kweli ulikiuza kwa bahati mbaya?"

Nesta alipitisha kidole gumba kwenye alama ya jino, akakipitisha tena. Macho yalimjaa, akayaacha yajae.

"Mwanangu," akasema, "ningekiuza kwa kusudi, nisingechukua shilingi, ningetaka yule ng'ombe."